Kibao cha Zakaria: Habari za Watu Waliopotewa na Maneno



Kila mmoja wetu aijua habari ya kuhani Zakaria iliyomo katika Injili ya Luka, sura ya kwanza. Alifungwa ulimi hekaluni, akatoka nje hali hawezi kusema na watu ila kwa ishara. Siku ya kumpa mtoto jina ilipofika, jamaa walitaka aitwe kwa jina la babaye, lakini Elisabeti akakataa. Ndipo walipomgeukia Zakaria, naye akaomba kibao, akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohana. Na wote waliokuwapo wakastaajabu.

Habari hii tumeifundisha miaka mingi katika darasa la ubatizo, wala hatukupata kufikiri sana juu ya kile kibao. Lakini ugonjwa uliompata mzee mmoja wa kanisa letu umetufundisha kukitazama tena. Hayo tuliyojifunza twataka kuwaandikia mwezi huu, maana yamkini katika nyumba ya mmoja wenu yuko mtu aliyekaa kimya pembeni, naye angoja kuletewa kibao.

KOSA LETU WENYEWE

Mzee huyo alikuwa seremala. Mabenchi tunayokalia kanisani ni kazi ya mikono yake. Asubuhi moja mkewe alimkuta ameketi kitandani, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kuume umelegea. Alipoulizwa ana nini, alijibu, "Kesho." Akaulizwa kama anaumwa: "Kesho." Akaletewa maji, akayasukuma kwa mkono wa kushoto: "Kesho, kesho." Hospitalini wakasema ni kiharusi. Mungu akamwokoa na mauti, akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Lakini lile neno moja ndilo alilobaki nalo. Watoto wa jirani wakampa jina la Bwana Kesho.

Sisi tulikwenda kumwona. Tulipiga magoti tukamwombea kwa sauti kubwa, kama mtu anenavyo na kiziwi. Kisha, tukiwa bado chumbani mwake, tuliwauliza wanawe ni nani atakayeitwa kumaliza meza ya kanisa aliyokuwa ameianza, kwa kuwa akili za mzee zimekwisha. Mzee alitutazama, machozi yakamtoka. Hakusema hata lile neno lake moja. Tukatoka pale tumefadhaika, maana aliyepotewa na akili hangeumizwa na neno la namna ile. Tukaenda kwa tabibu kuuliza, na tangu siku hiyo tukaanza kusoma habari za ugonjwa huu.

AFASIA SI WAZIMU

Kiharusi huja wakati mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo hukosa damu au hujeruhiwa, ikafa. Kwa watu walio wengi, kazi ya lugha imo upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio uongozao mkono na mguu wa kuume. Kwa hiyo mara nyingi mkono wa kuume na usemi huanguka pamoja. Mtunga Zaburi ya 137 alipojiapiza asiisahau Yerusalemu, aliitaja misiba hiyo miwili pamoja, wa mkono wa kuume na wa ulimi. Na leo twajua kwamba yaweza kutoka mahali pamoja.

Kupotewa na maneno kwa namna hii huitwa afasia. Katika watu watatu wapatwao na kiharusi, kadiri ya mmoja hupatwa nayo.

Aliyewafumbua matabibu macho katika jambo hili ni Paul Broca, tabibu wa mjini Paris, Ufaransa. Mwezi wa Aprili mwaka 1861 aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa amekaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre. Neno alilolitamka karibu kila mara lilikuwa "tan", hata watu wakamwita Tan. Broca alipomwuliza amekaa hapo miaka mingapi, Leborgne alifungua kiganja chenye vidole vitano mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Hesabu yake ilikuwa kamili. Basi mtu huyu aliyeitwa kwa neno lisilo na maana alielewa swali, akakumbuka miaka yake, akaihesabu. Alifariki siku chache baadaye, na Broca akaona jeraha katika ubongo wake, upande wa kushoto kwa mbele.

Mwaka 1874 tabibu Mjerumani, Carl Wernicke, akaandika habari za afasia ya namna nyingine. Wagonjwa wake walisema upesi na kwa wingi, walakini maneno yao yalichanganyika, wala hawakuelewa vema maneno ya wenzao. Kwa hiyo afasia si ya namna moja. Mmoja hukosa maneno ya kusema, mwingine hukosa maana ya ayasikiayo, na wengine wana sehemu ya hili na sehemu ya lile. Lakini tusiwahesabu kuwa wenye wazimu. Kilichojeruhiwa ni lugha. Mapenzi, aibu, kumbukumbu za watoto wao na imani yao huweza kubaki ndani yao, nao hawana njia ya kuvitoa.

KWA NINI KIBAO PEKE YAKE HAKITOSHI

Mtu atasema, "Basi mpeni kalamu ya risasi, naye aandike kama Zakaria." Nasi tulidhani hivyo. Tulimpelekea mzee daftari na kalamu. Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika M, akaandika I, akatazama, akaifuta kwa kidole, akaiweka kalamu chini, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo tulipoelewa. Zakaria alifungwa ulimi, bali maneno yake yalikuwa mazima, kibao kikamtosha. Mwenye afasia hakufungwa ulimi. Ugonjwa wake umeingia katika ghala yenyewe ya maneno, na mtu aendapo ghalani kutafuta neno la kuandika, hulikuta limevurugika sawasawa na lile la kusema.

Yuko mtu mwenye elimu kubwa aliyeyaona mambo haya nafsini mwake, akayaandika. Ni Samuel Johnson wa London, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1783, alipokuwa na miaka 73, aliamka akahisi mambo hayako sawa kichwani. Akamwomba Mungu kwamba, hata kama atautesa mwili wake, amwachie akili zake. Sala hiyo aliitunga kwa mashairi ya Kilatini ili ajipime. Akaona mashairi si mazuri sana, na kwa kuwa aliweza kuyaona makosa yake, akajua kwamba akili ingalipo. Usemi ndio uliokuwa umetoweka.

Kulipokucha alimwandikia mtumishi wake karatasi. Mtumishi akaingia akiongea, asielewe mara moja kwa nini bwana wake ampa karatasi ya kusoma badala ya kumwambia kwa kinywa. Katika miaka ile mtumishi wake alikuwa Francis Barber, mtu wa asili ya Afrika aliyezaliwa utumwani Jamaika, ambaye Johnson alimsomesha, na baadaye akamwachia sehemu kubwa ya mali yake. Kisha Johnson akaandika barua kwa jirani yake ili aitiwe tabibu. Baadaye alieleza kwamba kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa sababu mkono wake uliandika herufi zisizokuwa zile alizozikusudia, naye asijue sababu. Tazameni, mtu aliyewaandikia Waingereza maana za maneno yao, herufi zilimponyoka! Lakini hakuacha kuandika. Baada ya siku chache aliweza kuisema Sala ya Bwana, na usemi wake ukaendelea kurudi.

Wengi hawapati kupona upesi namna hiyo. Je, hao wafanyiwe nini?

JINSI HERUFI ZINAVYOFUNDISHWA UPYA

Iko kazi ya matabibu wa usemi, ambao huwafundisha watu wa namna hii kusema, kusoma na kuandika tena. Mmoja wao ni Bibi Pelagie Beeson wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ambaye mwaka 1999 alitoa maandiko juu ya kuwafundisha kuandika neno moja moja wale ambao kiharusi kimewaharibia maandishi. Yeye na wenzake wakaiendeleza njia hiyo. Kuieleza ni rahisi. Kuifanya kwataka saburi.

Kwanza, huchaguliwa maneno machache, kama matano hivi. Yawe ni maneno ya maisha ya mgonjwa mwenyewe: majina ya watu wake, vyakula vyake, kazi yake.

Pili, mgonjwa huonyeshwa kitu chenyewe au picha yake, naye hupewa herufi za neno hilo zilizochanganywa, azipange mpaka neno likae sawa.

Tatu, hulinakili neno hilo mara nyingi, akilitazama.

Nne, neno hufunikwa, naye huliandika kwa kumbukumbu. Akikosa, hufunuliwa neno, akalitazama, akalinakili tena, kisha likafunikwa tena.

Tano, hufanya hivyo nyumbani kila siku. Maneno ya kwanza yakishikika, huongezwa mengine.

Iko na njia nyingine, ambayo ni kuzifundisha upya sauti na herufi zake, ili mtu asikilize sauti ya neno na kuliendeleza, yaani kulipanga herufi kwa herufi. Katika Kiingereza njia hii ina mashimo mengi, kwa kuwa maneno yao mengi hayaandikwi kama yasemwavyo. Sisi wasomaji wa Kiswahili tumebahatika. Neno "maji" huandikwa kama lisikikavyo, ma na ji, na kila mmoja wetu aliyeanza shule kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu ameshika tayari ufunguo wa njia hii. Lakini yampasa mgonjwa kuishika sauti ya neno moyoni kabla ya kuiandika, na si wote wawezao. Hao ni heri waanze na ile njia ya kunakili.

MZEE NA MJUKUU WAKE

Mwalimu wa mzee wetu alikuwa mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano. Tabibu alitueleza hatua zile, nasi tukamweleza mtoto. Akakata herufi kubwa katika kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, akazitia katika kopo. Kibao tulitoa shuleni. Maneno ya kwanza yalikuwa maji, dawa, choo, uji, na jina la mkewe.

Majuma ya kwanza yalikuwa mazito. Mzee alipanga MIJA mahali pa MAJI, akajua kwamba si sawa, akakasirika, akazimwaga herufi chini. Mtoto akaziokota, wakaanza tena. Walifanya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mwezi wa pili ulipokwisha, maneno yote matano aliyaandika kwa mkono wa kushoto pasipo kutazama.

Hapo likatokea jambo ambalo hatukulifikiri. Mkewe hakujua kusoma. Mzee aliandika DAWA, akamwonyesha, naye mama akatazama alama zile kama mtu atazamaye nyayo za mnyama asiyemjua. Neno lililoandikwa huhitaji wawili, wa kuliandika na wa kulisoma. Basi mama yule, aliyekuwa amekataa darasa letu la watu wazima miaka yote akisema amekwisha kuzeeka, akaketi jamvini karibu na mumewe na kopo la herufi. Neno la kwanza alilosoma maishani mwake lilikuwa jina lake mwenyewe, limeandikwa na mumewe kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa nane wanawe walikutana uani kushauriana habari za madeni ya hospitali. Wakakubaliana vyombo vya useremala viuzwe, maana mzee hatavitumia tena. Mzee alikuwa ameketi kizingitini. Akainuka kwa fimbo yake, akachukua kibao, akaandika kwa muda mrefu, watu wote wakinyamaza. Aliandika MSUNENO. Herufi moja ilikosewa. Kisha akakiweka kibao juu ya magoti ya mjukuu wake, akamtia mkono kichwani.

Hakuna aliyeuliza maana yake. Vyombo vingine viliuzwa, msumeno haukuuzwa.

Siku ile tulikuwapo. Tulimwomba radhi mbele ya wanawe kwa lile tulilolisema chumbani mwake. Alitushika mkono, akasema, "Kesho," huku akicheka.

TUSIAHIDI KUPITA KIASI

Ndugu, hatusemi kwamba mzee amepona. Anaandika maneno kama 30, wala hajapata kuandika barua. Maneno asiyoyazoeza mara nyingi hayarudi yenyewe. Na mgonjwa asiyeelewa asemwalo hupata shida kubwa zaidi. Lakini kazi hii si bure. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 57 yaliyofanywa kwa watu zaidi ya 3,000 wenye afasia, wakaona kwamba mafundisho ya usemi huwasaidia katika mazungumzo ya kila siku, na katika kusema, kusoma na kuandika.

Tena wengine husema, "Kwetu imekwisha kupita miaka, hakuna tena la kufanya." Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio la Ujerumani la watu 156, ambao kila mmoja alikuwa amepitisha miezi 6 au zaidi tangu kiharusi chake. Walifundishwa saa 10 au zaidi kila juma, kwa majuma 3 au zaidi, nao wakaendelea katika usemi wao. Kwa hiyo mlango haufungwi na miaka, ila wataka kubishwa hodi mara nyingi. Hata simu ya mkononi yafaa: mwaka 2013 Bibi Beeson na wenzake walieleza jinsi njia ile ya kunakili na kukumbuka ilivyotumiwa kwa kuandika maneno katika simu.

Jambo moja zaidi lawahusu waimbaji. Msweden Olof Dalin, katika karne ya 18, aliandika habari za mtu aliyepotewa na usemi, ambaye alipoanzishiwa wimbo wa kanisa aliouzoea, aliuimba pamoja na maneno yake. Mzee wetu naye huimba. Mkianzishiwa jambo hili katika nyumba zenu, mshukuruni Mungu, mkaimbe pamoja na mgonjwa. Walakini msidhani kwamba mmekwisha kumsikia. Wimbo aliujua tangu zamani. Haja yake ya leo haimo ndani yake. Baada ya wimbo, mpeni kibao.

MASHAURI KWA NYUMBA ZENU

Kwanza, mkiona mdomo wa mtu umekwenda upande kwa ghafula, au mkono umelegea, au usemi umevurugika, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kukuche, wala msitafute kwanza nani amemroga. Na kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, maana hilo ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi.

Pili, ulizeni hospitalini kama yuko tabibu wa usemi. Katika nchi zetu ni wachache, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Akikosekana, msikae bure. Anzeni na herufi na kibao.

Tatu, semeni na mgonjwa kwa sauti ya kawaida, maneno mafupi, moja kwa moja. Mpeni nafasi ya kujibu. Msimjibie kabla hajajaribu.

Nne, maneno ya kumfundisha yawe yake. Mvuvi apewe wavu na ngalawa. Mama apewe majina ya wanawe.

Tano, msimcheke, wala msiseme habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Sisi tulifanya hivyo, nasi twajuta.

Sita, kila aliye nyumbani ajifunze kusoma, ili mgonjwa asiandike bure.

Na kwa walimu wenzetu twasema hivi: mtu akishindwa kuisema Imani kwa kinywa baada ya kiharusi, msifanye haraka kusema kwamba hana imani. Ketini naye. Mwonyesheni, ngojeni, muulizeni kwa namna ya kujibiwa kwa kichwa au kwa kidole.

Tukirudi kwa Zakaria, twaona sasa jambo tulilolipita zamani. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kuamua jina la mtoto. Wangaliweza kusema kwamba huyu ni bubu, hana shauri. Hawakufanya hivyo. Walimgeukia, wakamwuliza, wakamletea kibao, wakangoja aandike. Kufungua ulimi ni kazi ya Mungu. Kuleta kibao na kungoja ni kazi yetu, wala haihitaji fedha nyingi.

Bwana awape saburi ninyi mnaowauguza, na awape maneno wale waliopotewa nayo, hata kama ni moja moja.